Kipa Namba Thelathini

Jumatatu, 2 Septemba

Kocha Novath amenipa daftari hili leo baada ya mazoezi. Kazi yangu ni kumwandika kipa mpya kila wiki: anajifunza nini, anashindwa nini, ana mbele au hana. Msimu ukiisha niandike ripoti.

"Kwa nini mimi?" nikamuuliza.

"Mimi nilicheza winga, Isihaka. Golini sijawahi kusimama hata siku moja. Wewe umesimama miaka kumi na minne."

Kisha akanieleza lililobaki huku akitazama pembeni. Msimu ujao Mshikamano FC itabakiza makipa wawili tu. Mmoja anatoka Bukoba na ameshakubaliana na viongozi. Nafasi iliyobaki ni moja, yangu au ya huyu mtoto. Fisi kapewa bucha alinde, halafu wenye bucha wamekaa wanamtazama kama atameza mate.

Anaitwa Tukahirwa, ana miaka kumi na tisa. Alisajiliwa saa ya mwisho ya siku ya mwisho, akapewa jezi namba thelathini, kwa sababu hakuna mwingine aliyejitokeza. Baba yake ana ng'ombe huko Nyakasimbi. Mimi nina miaka thelathini na minne, mke, na duka la vitambaa hapa Omurushaka. Nimeshamchukia.

Alhamisi, 5 Septemba

Ni mrefu, hilo siwezi kumnyima. Krosi ikija anabaki kwenye mstari anaiangalia tu. Mguu wa kushoto ni wa kutembelea. Akirudishiwa mpira na beki anababaika mpaka unamwonea aibu.

Ila leo alidaka, akaurusha mpira kwa mkono, ukatua kwenye duara la katikati. Nimeandika kwenye ukurasa wake: "Anarusha mbali." Mbali kiasi gani, sikuandika.

Ijumaa, 6 Septemba

Mvua. Hakuna mazoezi.

Jumatano, 11 Septemba

Kipa asiyepiga kelele ni nguzo ya tatu ya goli. Leo nimesimama nyuma ya wavu saa nzima nikimfokea.

"Mwambie Projest asogee kushoto! Mwambie sasa!"

Projest ndiye beki wetu wa kati, mwashi, ana miaka thelathini na moja na mdomo mchafu kuliko ndoo ya udongo wake. Huyu mtoto akamwita, nami nilisikia kwa masikio yangu: "Samahani, kaka Projest, naomba kama unaweza kusogea..."

Mpira ulikuwa wavuni kabla hajamaliza kuomba.

"Kwenu hamjui kupaza sauti?" nikamuuliza.

"Kwa mtu aliyenizidi umri, hapana, kaka. Siwezi kumwamuru."

"Basi rudi ukaamuru ng'ombe."

Akainamisha kichwa, akasema, "Sawa, kaka." Afadhali angenijibu vibaya. Mtu anayekubali matusi hivyo anakufanya ujione mshenzi, na mimi sipendi kujiona mshenzi saa kumi na moja jioni.

Jumapili, 22 Septemba

Ligi imeanza. Tumecheza Nyakatuntu, tumeshinda moja bila. Nilikuwa golini mimi. Yeye alinishikia chupa ya maji.

Jumamosi, 28 Septemba

Mazoezini leo nilisikia mluzi mrefu, halafu miwili mifupi. Nikadhani kuna mtu anapitisha mifugo nyuma ya uwanja. Kumbe ni yeye, namba thelathini, vidole viwili mdomoni.

Projest akasimama katikati ya mchezo. "Nani anayenipigia miluzi? Mimi ni ng'ombe wa nani?"

"Nisamehe, kaka," Tukahirwa akasema. "Mrefu ni kurudi nyuma. Miwili ni kushoto, mitatu ni kulia. Mluzi hautaji jina la mtu. Nikikupigia mluzi sijakuvunjia heshima."

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi nilicheka kuliko wote. Jioni nikaandika: "Hana sauti. Anatumia vituko." Kocha alisoma, akaniuliza kama mabeki walikuwa mahali pao wakati wa vituko hivyo. Nikamwambia sikuangalia. Niliangalia. Walikuwa mahali pao.

Jumapili, 6 Oktoba

Kidole changu cha kati, mkono wa kulia, kimetenguka dakika ya ishirini. Tukahirwa akaingia, akafungwa matatu. La tatu lilipita katikati ya miguu yake.

Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Nilikaa benchi na barafu mkononi, timu yangu inafungwa, na moyo wangu ukawa mweupe kabisa. Nasreen, mke wangu, aliponifunga bandeji alinitazama akasema, "Mtu aliyeumia hana uso kama huo, Isihaka." Nikamwambia ashughulike na bandeji.

Jumapili, 13 Oktoba

Sare, bila kufungana. Miluzi dakika tisini. Projest alilalamika kipindi cha kwanza, cha pili akawa anageuka kabla mluzi haujaisha. Krosi moja Tukahirwa alitoka kuifuata. Moja tu, lakini alitoka.

Jumapili, 20 Oktoba

Tumeshinda mbili bila. Mvua tangu asubuhi.

Jumapili, 27 Oktoba

Ameokoa penalti. Wanawake wa soko la ndizi wameingia uwanjani na kumzungusha, wakamwagia maji kichwani kwa furaha. Miaka kumi na minne, mimi sijawahi kumwagiwa hata kikombe.

Kidole kimepona tangu Jumatano. Kocha hajaniuliza.

Jumatano, 30 Oktoba

Leo mchana mzee mmoja mrefu alisimama mbele ya duka langu, fimbo begani, na nyuma yake mtamba mwekundu aliyenona, pembe ndio kwanza zinaanza kupinda. Nikajua ni baba yake kabla hajafungua mdomo, maana wamefanana hata kusimama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mimi ni Muhangi. Mwanangu anasema wewe ndiye unayemfundisha."

Nikamtazama nione kama ananikejeli. Hakuwa anakejeli. Nimemfundisha nini yule mtoto? Nimemfokea miezi miwili. Nikamjibu kwamba tunajitahidi.

"Anasema unamsema sana, na hujachoka. Anayekusema anakujali." Akaniwekea kamba mkononi. "Huyu anaitwa Bihogo. Nimekupa. Tangu leo wewe ni rafiki yangu. Akizaa, nitakuja kumwona ndama."

Nikasema inshallah, nikamshukuru. Akakaa, akanywa chai, akamsemesha mtamba kwa Kinyambo kwa muda mrefu kuliko alivyonisemesha mimi, akaondoka.

Nilivyofikiri niseme wazi. Nilifikiri ananunua ripoti. Rushwa yenye pembe. Na nikafikiri pia kwamba harusi ya mdogo wangu Naila ni Jumamosi ya wiki ijayo, na nilikuwa bado natafuta nyama ya karamu ya walima.

"Ungemuuliza kwanza," Nasreen akasema. "Hawa watu na ng'ombe wao wana mambo yao."

"Zawadi ni zawadi. Babu yangu alitoka Pangani, hakunifundisha kumuuliza mtu aliyenipa kitu nikitumie vipi."

"Babu yako alitoka Pangani. Wewe umezaliwa hapa."

Nikamwambia asinichoshe.

Jumamosi, 9 Novemba

Naila ameolewa. Nyumba imejaa, watu bado wanakula, nami nimejifungia chumbani naandika kwa sababu nisipoandika nitampiga mtu, na mtu wa kupigwa ni mimi.

Nilimwalika Muhangi. Nilimwalika kwa nia njema! Nilisema mtu aliyetoa ng'ombe hawezi kukosa kwenye shughuli. Akaja saa saba, amevaa koti, amebeba kibuyu cha maziwa kilichofunikwa kifuniko cha ukili. Tukahirwa alikuwa pamoja naye. Nikawakalisha mkekani pamoja na wajomba zangu, sahani ya pilau katikati, na kwa mkono wangu nikamchagulia mzee mnofu mzuri kuliko yote, nikamwekea upande wake. Akala tonge mbili. Akasifu.

Kisha akauliza, taratibu, kama mtu anayeuliza hali ya watoto: "Bihogo yuko wapi? Tukimaliza nikamsalimie."

Nilikuwa na furaha, nilikuwa mwenye shughuli, wajomba walikuwa wananisikiliza. Ulimi wangu ukanitangulia.

"Mzee, mbona umeshamsalimia? Unamla."

Wajomba wakacheka. Muhangi hakuelewa mara moja. Alinitazama, akawatazama wao, akatazama sahani. Halafu mkono wake ukabaki hewani juu ya wali. Tukahirwa ndiye aliyeelewa kwanza. Alisema neno moja la Kinyambo ambalo sikulijua, sauti yake imepanda juu. Yeye ambaye hajui kupaza sauti.

Mzee akaomba maji. Akanawa mikono, akanawa tena, akanawa mara ya tatu. Akainuka, akachukua kibuyu chake, maziwa yakiwa bado yamejaa, akatoka bila kumuaga mtu. Nikamfuata mpaka mlangoni.

"Mzee Muhangi, nimekosa nini? Si ulinipa?"

Hakugeuka. Tukahirwa alinigeukia, macho mekundu.

"Hata jina lake ulikuwa unalijua, kaka," akasema.

Jumapili, 10 Novemba

Tukahirwa hakuja. Nimerudi golini. Nimefungwa manne.

Jumatano, 13 Novemba

Senene wameanza. Mji mzima una ndoo na taa. Nasreen amekaanga, sikuweza kula.

Alhamisi, 14 Novemba

Simu ya Tukahirwa haipatikani. Mtu wa Nyakasimbi amemletea kocha ujumbe wa mzee: aliyemla ng'ombe wake hawezi kumlea mwanawe.

Kocha hakupiga kelele, yeye si mtu wa kelele. Akaniambia, "Andika kwamba mchezaji ametoroka kambi. Viongozi wanataka karatasi, hawataki hadithi ya ng'ombe. Jina lake litafutwa, nafasi itabaki yako."

Nilichokuwa nakitaka tangu tarehe mbili Septemba kimeletwa mpaka mkononi. Nikamwambia nitaandika. Sijaandika.

Jumapili, 17 Novemba

Tumefungwa mbili bila. Goli la pili lilitokana na Projest kuganda kushoto wakati hatari iko kulia. Nilikuwa nimemwita kwa jina, kwa sauti yote niliyopewa na Mungu.

Kwenye vyumba vya kubadilishia nguo akaniuliza, "Wewe huwezi kupiga miluzi kidogo?"

"Mimi ni mchungaji wako?"

"Hapana," akasema huku akivua viatu. "Yule alikuwa anaona mapema. Wewe unaniita nikishachelewa."

Nilitaka kumtupia kiatu. Kikulacho ki nguoni mwako. Lakini nimekaa na maneno hayo tangu jioni, na nimeyapima kila upande, hayana uongo. Nachelewa. Sijui nimeanza kuchelewa mwaka gani.

Jumatano, 20 Novemba

Kyarimpa anayetuletea maziwa ni mtu wa Nyakasimbi. Leo nimemzuia mlangoni, nikamwomba anieleze. Alisita, kisha akaweka dumu chini.

"Ng'ombe wa kupewa hauzwi wala hachinjwi bila kumwambia aliyekupa," akasema. "Yule anakaa kwako, lakini ndiye njia kati ya nyumba mbili. Akizaa, mwenye kutoa anakuja kuona. Siku moja unarudisha mtamba kwake, naye atakupa tena. Hivyo watoto wenu wanakua wanajuana. Na mtamba ambaye hajazaa, baba! Huyo ni urafiki ambao haujaanza."

"Sikujua."

"Ulizaliwa wapi wewe?"

Nikatazama dumu lake.

"Wanasema ulimlisha mwenyewe. Ni kweli?"

"Nilimchagulia mnofu."

Kyarimpa akaziba mdomo kwa kanga. Alipoitoa alisema, "Afadhali ungempiga." Akabeba dumu lake. Leo hakutubakishia maziwa ya nyongeza kama siku zote.

Jumapili, 24 Novemba

Hatukuwa na mechi. Nimenunua mtamba mnadani, mwekundu vilevile, nikampakia kwenye kirikuu hadi Nyakasimbi. Nilitoa salamu nje ya boma. Muhangi alikuja mpaka kwenye lango la miti, hakulifungua.

"Mzee, nimekosa. Nimekuletea wa kukurudishia."

Hakumwangalia mtamba hata kidogo, na kwa mtu kama yeye hilo ni sawa na kufumba macho. "Mimi na wewe tulikutana sokoni?" akaniuliza. "Nilikuuzia?"

"Hapana."

"Basi huyo mpeleke sokoni."

Nikamwambia angalau amwachie kijana acheze, kosa ni langu. Akaniambia kijana ana kazi, nikamwona kweli, mbali kidogo, anatembea nyuma ya ng'ombe kwenye majani. Alinitambua. Hakunipungia mkono.

Njiani niliwatukana wote, baba, mwana na pembe zao. Dereva akaongeza sauti ya redio.

Jumapili, 1 Desemba

Msimu umekwisha. Mechi ya mwisho tumefungwa tatu. Tumemaliza nafasi ya saba.

Jumanne, 3 Desemba

Nimempa kocha ripoti. Nakala hii hapa, kama nilivyoiandika:

"Kipa Tukahirwa Muhangi, namba 30. Kwenye krosi bado anasita. Alitoka mara tano msimu mzima, nimezihesabu. Mguu wa kushoto haufai. Mpira wa kurudishiwa unamtia hofu. Hajui kufoka na hatajua. Anarusha kwa mkono mpaka duara la katikati, jambo nililolificha tangu Septemba. Anapanga mabeki kwa miluzi, nao wanamtii kuliko walivyonitii mimi miaka kumi na minne, kwa sababu anaiona hatari mapema kuliko mimi. Hakutoroka. Aliondolewa na baba yake kwa kosa langu. Matarajio: akisimama golini mwaka mzima bila kutolewa, atawazidi makipa wote niliowaona mkoa huu, nami nikiwa mmoja wao. Nafasi iliyobaki apewe yeye. Isihaka Mgeni."

Kocha alisoma mara mbili. "Unajua umejifanyia nini?"

"Mwandiko ni wangu."

"Umempenda lini huyu kijana?"

"Nani kakwambia nimempenda? Ananiudhi mpaka leo. Mimi ni mtu mbaya, kocha, lakini kuhusu mpira sijawahi kudanganya, na msimu huu nilikaribia."

Akakunja karatasi, akanirudishia. "Viongozi wanafunga majina Jumatatu. Asipokuwepo mwenyewe, karatasi hii haina kazi, na wewe umeshajiondoa. Nitawakosa wote wawili. Kamlete."

Alhamisi, 5 Desemba

Nimekwenda Nyakasimbi kwa bodaboda, sikubeba chochote ila karatasi. Mvua ilikuwa imekatika. Muhangi alikuwa ameketi kwenye kigoda nje ya nyumba. Mkewe, mama Nyirabageni, alinitazama mara moja akaingia ndani. Hakuna aliyenikaribisha kukaa.

"Sikuja kuomba msamaha," nikasema. "Nimeleta kitu kinachomhusu mwanao. Kikisomwa nitaondoka."

Mzee akamwita Tukahirwa, akampa karatasi. Akasoma akiwa amesimama, polepole, anageuza kila sentensi kwa Kinyambo. Alipofika kwenye mguu wa kushoto alikwama kidogo, akaendelea. Alipofika kwenye maneno ya mwisho akashusha sauti, na baba yake akamwambia arudie. Akarudia.

Ng'ombe walikuwa wanakohoa kwenye boma. Muhangi aliwaangalia mpaka miguu yangu ikaanza kuuma.

"Hayo ya mguu ni kweli?" akamuuliza mwanawe.

"Ni kweli, baba."

"Na hofu?"

"Ni kweli."

"Na akikupa nafasi wewe, yeye anapata nini?"

Tukahirwa akanitazama. "Hapati kitu, baba. Anatoka."

Hapo ndipo mzee alipoinua macho kwangu, kwa mara ya kwanza tangu harusi.

"Rafiki angeandika hivi, nisingeamini," akasema. "Rafiki husifia tu. Wewe si rafiki yangu. Kwa hiyo naamini."

Akainuka kigodani.

"Jumatatu atakuwa uwanjani. Wewe hapa usije tena."

Nikasema nimesikia. Nikamwambia Tukahirwa krosi za kona za kushoto azifuate kwa ngumi, asijaribu kudaka, na mguu ule aufanyie kazi kila asubuhi ukutani. Akasema, "Sawa, kaka." Kwao mgeni husindikizwa hata kama ni wa kudai kodi, naye akaanza kutembea pamoja nami kuelekea barabarani. Tulikuwa tumepiga hatua kumi baba yake alipomwita arudi.

Nilimwambia aende. Nikaendelea peke yangu mpaka kwenye bodaboda.